Kupima Kromosomu za Yai: Kinachoonekana na Kisichoonekana

Yai linalopevuka mwanamke akiwa na miaka 41 lilikuwa kwenye ovari tangu kabla hajazaliwa. Muda wote huo kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba taarifa za urithi, zimeshikanishwa na protini ambazo hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Zikilegea, yai linapogawanyika kromosomu moja hufuata upande usio wake, na yai hubaki na 22 au 24 badala ya 23. Ndiyo sababu kubwa ya mimba kutoshika, au kuharibika mapema, baada ya miaka 40.

Katika IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kupandikizwa, wengine hutaka kujua hesabu hiyo mapema. Lakini huwezi kulipasua yai ukahesabu kromosomu zake, kisha ukalitumia. Kinachopimwa, ajabu kidogo, ni kile ambacho yai limekitupa. Hutoa vijiseli viwili: cha kwanza linapopevuka, cha pili saa chache baada ya mbegu ya kiume kuingia. Mtaalamu hutoboa ganda la yai kwa leza na kuvifyonza vyote kwa mrija mwembamba. Majibu husomwa kinyume: kijiseli kikizidi kromosomu 16 moja, yai limepungukiwa nayo. Kupima kijiseli cha kwanza peke yake hupotosha, kwa kuwa kosa la mgawanyiko wa kwanza wakati mwingine hurekebishwa na wa pili. Aidha, mbegu moja huchomwa moja kwa moja ndani ya yai, maana mbegu nyingine zikinasa kwenye ganda huchafua sampuli.

Njia hii haioni makosa ya upande wa baba, wala yanayotokea kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kinapoanza kugawanyika. Kwa hiyo maabara nyingi husubiri hadi siku ya 5 au 6, huchukua seli chache za tabaka la nje litakalokuwa kondo la nyuma, kisha hugandisha kiinitete majibu yakisubiriwa. Hapo napo kuna mtego: kiinitete kimoja kinaweza kuwa na seli nzima na seli zenye kasoro kwa pamoja, na sampuli ikaangukia upande mmoja tu.

Jaribio la ESTEEM, lililochapishwa mwaka 2018, lilifuatilia wanawake 396 wa miaka 36 hadi 40. Waliopimiwa vijiseli na wasiopimiwa walizaa kwa kiwango kilekile, asilimia 24 ndani ya mwaka mmoja. Tofauti ilikuwa kwingine: mimba ziliharibika kwa asilimia 7 ya waliopimiwa dhidi ya 14 ya wenzao, na viinitete vilivyohitaji kupandikizwa vilikuwa vichache.

Kwa maneno mengine, kipimo huchagua, hakitengenezi yai. Aliyepata mayai kumi ana cha kuchagua. Aliyepata mawili huenda akaambiwa hakuna la kupandikiza, na pengine moja limekataliwa kimakosa. Kabla ya kukubali, muulize daktari maabara hufanya nini majibu yakiwa ya mchanganyiko, na hata kiinitete kikipita, vipimo vya kawaida vya ujauzito viendelee.