Camaro Z/28 na Mustang Boss 302: namba 290 haimalizi ubishi

Wapenzi wa magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 wakikaa pamoja, ubishi wa Chevrolet Camaro Z/28 na Ford Mustang Boss 302 hauko mbali, na karibu kila mara huanza na namba moja: 290. Chevrolet walitangaza nguvu za farasi 290 kwa mizunguko 5,800 kwa dakika, na Ford wakatangaza 290 hiyo hiyo kwa mizunguko hiyo hiyo. Kazi yangu ni kufungua na kuunda upya injini za V8 za wakati ule, na hizi mbili zimepita mezani kwangu mara nyingi kiasi cha kunifanya niamini kwamba ubishi wenyewe una haki ya kuendelea, ila unapimwa kwa kipimo kisichofaa. Tofauti kubwa ya magari haya imo ndani ya silinda hedi, yaani kile kipande cha juu ya silinda kinachobeba valvu, na hasa katika kipenyo cha valvu za kuingizia hewa.

Tuiondoe kwanza hiyo 290. Kabla ya magari ya mwaka 1972, viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyofungwa peke yake kwenye kitanda cha majaribio, bila kichujio cha hewa, bila mzigo wa vifaa vinavyoendeshwa na mkanda, na bomba la moshi likiwa wazi. Namba ya namna hiyo kwa kawaida huwa kubwa kuliko ile ambayo gari linaipata barabarani. Kwa injini hizi mbili, hata hivyo, uongo ulikwenda upande wa pili: zote mbili ziliendelea kuongeza nguvu baada ya kuipita ile mizunguko 5,800, na viwanda vilikuwa na sababu za kutosha za kunyamaza, mojawapo ikiwa ni kampuni za bima zilizokuwa zimeanza kuwatoza wenye magari ya nguvu ada kubwa. Kwa hiyo 290 ilikuwa namba ya karatasini, na mtu anayeitumia kuthibitisha kwamba magari haya yalikuwa sawa hajathibitisha chochote.

Kinachofanana kwa kweli ni kitu kingine, nacho kinavutia zaidi. Mwaka 1966 chama cha mbio za magari cha Marekani, SCCA, kilianzisha mashindano ya magari ya Trans-Am, na kanuni zake ziliweka ukomo wa lita 5, yaani inchi za ujazo 305. Vince Piggins wa Chevrolet alikuwa na bloku ya injini ya 327 na kreni shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya injini ndogo zaidi ya 283. Ukiviweka pamoja unapata inchi za ujazo 302, chini kidogo tu ya ukomo. Ford nao walikuwa na bloku yao ya 302. Ukichukua kipimo cha silinda za injini hizi utakuta kipenyo cha milimita 101.6 na mwendo wa pistoni wa milimita 76.2 kwa zote mbili, sentimita za ujazo 4,942, bila tofauti hata ya unywele. Zote zilitumia kabureta moja ya Holley yenye midomo minne, zote zilikuwa na tapeti zinazohitaji kurekebishwa kwa mkono, na zote zilikuja na giaboksi ya gia nne tu, isiyo otomatiki. Hakuna jozi nyingine ya mahasimu wa enzi ile iliyokaribiana hivi, na ndiyo maana naipenda: ukiona tofauti ya tabia kati yao, huwezi kuisingizia ukubwa wa injini.

Mwendo huo mfupi wa pistoni ndio siri ya sauti ambayo wengi wanaikumbuka. Kwa mizunguko 7,000, pistoni ya injini hizi husafiri kwa wastani wa karibu mita 17.8 kwa sekunde. Injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 454, yenye mwendo wa milimita 101.6, ingefikia karibu mita 23.7 kwa mizunguko hiyo hiyo, na vyuma vya miaka ile havikupenda kasi hiyo. Injini ya 302 ilipanda pale ambapo ile kubwa ilikuwa imeshakata tamaa.

Sasa tuje kwenye hedi. Chevrolet walitumia hedi walizokuwa nazo tayari, zenye valvu zilizosimama katika mstari mmoja, ile ya kuingizia hewa ikiwa na kipenyo cha milimita 51.3. Ford walikwenda mbali zaidi: walichukua hedi zilizobuniwa kwa ajili ya injini ya Cleveland ya inchi za ujazo 351, ambamo valvu zimelazwa kwa pembe tofauti ili kila moja ipate nafasi ya kuwa kubwa, wakazifanyia marekebisho ya njia za maji na kuzifunga juu ya bloku ya 302. Valvu ya kuingizia ya Boss ya mwaka 1969 ina milimita 56.6. Katika karakana huwa napenda kuweka kizibo cha soda juu ya valvu hizi mbili kwa ajili ya wanaojifunza. Kwenye ile ya Chevrolet ukingo wa chuma unaobaki pande zote haufiki sentimita moja. Kwenye ile ya Boss unaipita. Kwa macho inaonekana tofauti ndogo, lakini kwa eneo ni zaidi ya asilimia 20, na hewa hupita kwenye eneo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona valvu kubwa, wanahitimisha kwamba Boss ilikuwa injini bora, na wanashangaa kwa nini wamiliki wake wanalalamika kwamba gari ni zito kuamka kwenye taa za barabarani. Sababu ni kwamba njia kubwa ya hewa inahitaji injini inayovuta hewa nyingi. Injini ya lita 4.9 inayozunguka mara 2,500 kwa dakika haivuti ya kutosha kujaza njia iliyochongwa kwa ajili ya injini ya lita 5.8, kwa hiyo kasi ya hewa inashuka, matone ya petroli yanashindwa kubaki hewani, mengine yanalowesha kuta za njia, na mchanganyiko unaofika kwenye silinda unakuwa haujakamilika. Ipandishe hadi zaidi ya 4,000 na kila kitu kinabadilika, injini inavuta kwa pumzi moja ndefu ambayo hedi za Chevrolet haziwezi kuitoa. Ford wenyewe walilitambua jambo hili, kwa maana mwaka 1970 walipunguza valvu hiyo hadi milimita 55.6. Kwa maoni yangu hiyo milimita moja ni ungamo la wazi kuliko tangazo lolote. Kilichoongeza uchungu ni kwamba Boss ilifungwa kifaa cha umeme kilichokata moto wa plagi injini ilipofika mizunguko 6,150, kwa ajili ya dhamana ya kiwanda. Yaani gari lililojengwa kupumua juu lilizuiwa kwenda juu.

Wanaoitetea Boss hutaja ubingwa wa Trans-Am, na lazima tuutazame kwa uadilifu. Mark Donohue, akiendesha Camaro ya timu ya Roger Penske, alishinda mashindano 10 kati ya 13 mwaka 1968, na mwaka 1969 Chevrolet wakatwaa tena ubingwa. Mwaka 1970 ubingwa ulikwenda kwa Ford, kupitia Boss 302 za timu ya Bud Moore na dereva Parnelli Jones. Ila gari la mashindano halishuki chini ya mizunguko 5,000 mara kwa mara, kwa hiyo kasoro niliyoieleza haikuonekana kule, na zaidi ya hapo Penske na Donohue walikuwa wamehamia AMC Javelin. Mwaka huo huo kanuni ziliruhusu injini kubwa kupunguzwa ujazo kwa ajili ya mashindano, Z/28 ya barabarani ikapewa injini ya inchi za ujazo 350, na ile 302 ikastaafishwa. Kwa wanunuzi wa kawaida, basi, mahasimu hawa walikutana dukani kwa mwaka mmoja tu wa 1969.

Nje ya injini, naipa Boss haki yake bila kusita. Ford waliifunga matairi mapana ya F60-15, na mshiko wake ulikuwa mkali kiasi kwamba minara ya shokapu za mbele ilibidi iimarishwe ili isipasuke. Ni gari linalokata kona kwa utulivu ambao Camaro ya mwaka ule, kwa mikono yangu, haiufikii.

Anayetaka kununua ajue kwamba upande wa Camaro una hatari zaidi. Namba ya chasi ya Boss hubeba herufi G kuonyesha injini yake, lakini namba ya chasi ya Camaro ya 1969 inasema tu kwamba gari lina V8, haisemi kama ni Z/28. Kuna mteja aliyeniletea moja aliyouziwa kwa bei ya Z/28. Nilifuta mafuta kwenye kile kijukwaa kidogo cha bloku kilicho mbele ya hedi ya kulia, na herufi DZ, alama ya kiwanda ya injini ya 302 ya Z/28 ya 1969, zilikuwepo, zimesimama vizuri. Tatizo lilikuwa chuma chenyewe. Kijukwaa cha kiwanda huwa na mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, iliyoachwa na mashine ya kukwangua, na hiki kiling'aa kama kisahani, kikiwa na mikwaruzo ya mviringo. Mtu alikuwa ameisaga namba ya zamani na kugonga mpya. Nilimweleza ukweli, na ilinichukua siku kadhaa kuisahau sura yake.

Mtu akiniuliza nichague, kwa injini ya kuendeshwa kila siku nachukua DZ ya 1969, kwa kuwa hedi zake zinalingana na tumbo lake. Kwa gari zima nachukua Boss ya 1970, yenye valvu zile zilizopunguzwa milimita moja.