Mdhamini kwanza, mchoraji baadaye: maroboti makubwa ya Japani na midoli yake

Ukitaka kujua kwa nini roboti la katuni ya Kijapani lina umbo lile, anza na mdhamini. Fedha za kutengenezea katuni hizi zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye kampuni za midoli, nazo zilitaka kitu cha kuuza dukani: ngumi inayofyatuka, rangi kali, vipande vinavyoungana.

Mazinger Z, katuni ya roboti iliyobuniwa na mchoraji Go Nagai, ilianza kurushwa kwenye televisheni Desemba 1972. Popy, kampuni tanzu ya Bandai, ilitoa kwanza lidude la sentimita 60 hivi la polithini, plastiki ya chupa za shampuu. Mwaka 1974 ikaja Chogokin, roboti dogo la aloi ya zinki. Kilichouza ni ule uzito mkononi. Ukinunua ya zamani, kagua ngumi kwanza, maana ndizo hupotea. Kisha tazama kwenye kingo, ambako rangi huanza kubanduka. Ukiona nyufa, achana nayo: zinki yenye risasi kidogo ndani yake huvimba na kupasuka yenyewe, na haina dawa. Na usiisafishe kwa thina, kiyeyusha rangi, hata kidogo.

Katuni ya Gundam, Aprili 1979, ndiyo kisa chenyewe. Mwongozaji wake, Yoshiyuki Tomino, aliligeuza roboti kuwa zana ya kijeshi, akavuta vijana, huku mdhamini, Clover, akiuza midoli ya watoto wadogo. Sehemu 52 zilizopangwa zikakatwa hadi 43. Julai 1980 Bandai ikatoa modeli ya plastiki ya kuunganisha, kipimo cha 1/144, kwa yeni 300. Roboti Gundam kwenye hadithi ana mita 18, kwa hiyo modeli ni sentimita 12.5. Clover ilifilisika 1983. Modeli zinauzwa hadi leo.

Modeli ile ya kwanza ni nyeupe karibu yote, rangi unapaka mwenyewe. Kiwiko ni pini ya plastiki inayobanwa kati ya nusu mbili za mkono, na hapo ndipo wengi huharibu: gundi ya modeli huyeyusha plastiki, ikivuja hadi kwenye pini mkono unaganda moja kwa moja. Paka kidogo kwenye kingo za nje tu, bana, acha usiku kucha, halafu piga msasa namba 400, kisha 800. Adha hiyo iliisha na laini ya High Grade ya 1990, yenye vipande vya rangi tofauti vinavyobanana bila gundi.

Transformers ya 1984 ilikwenda kinyumenyume. Midoli ya Takara, kampuni ya Kijapani, ilikuwapo tayari, Hasbro ya Marekani ikaitafutia majina na hadithi. Jetfire, mmoja wa midoli hiyo wa 1985, hakutoka hata Takara: ni ndege ya katuni nyingine, Macross, iliyotengenezwa na kampuni ya midoli ya Takatoku. Ndiyo maana kwenye katuni alichorwa na sura nyingine na kuitwa Skyfire.