Nguva asiye na ulimi: kuileta Lindi hadithi ya Andersen

Wengi wanaoiandika upya hadithi ya nguva ya Hans Christian Andersen huanza na mkia. Mimi huanza na ulimi. Katika hadithi ile, iliyotoka Denmark mwaka 1837, mchawi wa bahari anaukata ulimi wenyewe, malipo ya kumpa nguva miguu amfuate kijana ambaye yeye nguva alimwokoa baharini. Juu ya hapo, kila hatua nchi kavu itauma kama kukanyaga visu, na kijana akioa mwingine, alfajiri ya pili yake nguva atageuka povu. Masharti hayo matatu usiyaguse. Ukilegeza moja tu, msomaji anajua binti hana cha kupoteza.

Sasa mlete Lindi, na msomaji wa miaka 15 atauliza mara moja: si amtumie ujumbe? Andersen hakuwa na tatizo la simu, wewe unalo. Dawa yangu ni kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952. Kinakupa dhoruba ya kuzamisha jahazi, na simu ya mkononi inatoka kwenye hadithi bila maelezo.

Kuna swali jingine: kwa nini asiandike? Baharini hakusoma, sawa, lakini nchi kavu atajifunza. Hapo ndipo kanga inapoingia. Ina pindo, ina mji, ina jina, na jina la kanga limewasemea wanawake wa pwani mambo ambayo midomo isingethubutu. Mpe binti kanga moja mwanzoni, yaani sentensi moja. Kila anayoipata baadaye, kwa kupewa au kwa kibarua, ni sentensi mpya. Kwa kipimo changu tano au sita zinatosha riwaya nzima. Zikifika kumi amekuwa msemaji, na ulimi umekatwa bure.

Tazama harusi. Kwa Andersen, kijana anaamini aliyemwokoa ni yule anayemwoa. Mwingize nguva uani, miguu inamuuma, amejifunga kanga iliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Mpiga ngoma anakosa pigo. Shangazi wa bibi harusi anasoma, anasoma tena, anageukia sufuria ya pilau. Bwana harusi anapita, anatabasamu: “Kanga mpya hiyo? Imekupendeza.” Usiongeze neno.

Rasimu nyingi huharibikia kwenye maji. Mwandishi anataka mwezi mpevu, maji yaliyojaa na jua linalochomoza, vyote pamoja. Pwani yetu haimpi. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri, kwa hiyo jua likitoka saa kumi na mbili yameshaanza kupwa, na mvuvi yeyote wa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, atakucheka. Lakini maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Sogeza harusi hadi usiku wa kuamkia tarehe 17 ya mwezi wa Kiislamu: maji yanajaa karibu na mapambazuko, na mwezi bado mkubwa upande wa magharibi.

Jambo dogo: nguva wa kweli, yule mnyama, anakula majani ya bahari na hupanda juu kuvuta pumzi. Mkia wake hupiga juu na chini, si kushoto na kulia kama wa samaki. Mpe binti mkia huo.

Kuhusu umri, kwa Andersen nguva huruhusiwa kuibuka juu akitimiza miaka 15. Usikimbilie kuifanya hiyo unyago. Bibi yake anaweza kuwa kungwi, ndiyo, lakini ya ndani yabaki ndani.

Mwisho wanaoukata wengi ndio ninaoutaka. Nguva hafi kabisa, anakuwa mmoja wa mabinti wa hewa, na kazi ya mabinti hao, kwa maandishi ya Andersen mwenyewe, ni kuruka hadi nchi za joto kuwapelekea watu ubaridi. Wako ameshafika. Mpe kusi, na wa kwanza kupepewa awe yule shangazi, kibarazani, kanga ikimpeperuka begani.