Filamu Ikiisha, Kipaza Sauti Apewe Nani?

Chizi wa kwenye filamu zetu hujulikana kabla hajafungua mdomo: nywele timtim, suruali imechanika, anaokota jalalani, na mwisho wa hadithi inabainika kwamba alirogwa na mama wa kambo. Watazamaji wanacheka. Katikati yao ameketi mtu mwenye sonona, aliyechana nywele asubuhi na kwenda kazini kama kawaida, naye anacheka ili asishukiwe.

Ndiyo maana shule, kampuni au msikiti unapotuomba filamu ya kuonyesha Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, sisi wa kitengo cha afya ya akili huuliza kwanza nani atazungumza taa zikishawashwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulioongozwa na Patrick Corrigan wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa kwa watu wazima unyanyapaa hupungua zaidi wanapokutana na mtu aliyeugua mwenyewe kuliko wanapofundishwa tu. Tena kukutana naye ana kwa ana kulizidi kumtazama kwenye video. Kwa vijana walio katika rika la balehe mambo yaligeuka, mafundisho yakawa na nguvu zaidi, kwa hiyo shuleni msimwache mwalimu nje.

Mzungumzaji awe ametulia kwenye matibabu na awe amekubali kwa hiari yake, bila kusukumwa na daktari wala ndugu. Aione filamu mapema. Ajue kwamba swali asilolipenda anaweza kulikataa. Simu zisirekodi, maana kipande cha sekunde 30 kikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaani hakirudi. Swali la uchawi litaulizwa tu, na msilikemee. Mwacheni aeleze mwenyewe alizunguka kwa waganga wangapi kabla hajafika kliniki. Maelezo hayo huwaingia watu kuliko mhadhara wetu wote.

Katika kuchagua filamu tunaufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, ulioandikwa kwa watu wa filamu na maigizo kuhusu kuzuia kujiua. Unataka njia ya kujiua isionyeshwe kinaganaga, na unataka wahusika waonekane wakikabili shida na kupata msaada. Filamu inayoganda kwenye kamba au chupa ya sumu tunaikataa hata kama imebeba tuzo. Fupi, ya dakika 20 hadi 30, inatosha. Ndefu inakula muda wa mazungumzo na watu wanaondoka kuwahi daladala.

Halafu kuna wale wanaoalikwa lakini filamu haiwafikii. Mkalimani wa lugha ya alama akiwekwa pembeni gizani ni kama hayupo; amulikwe taa, asimame karibu na skrini. Nafasi ya kiti cha magurudumu iwe katikati ya wenzake, si mlangoni. Kwa watoto wenye usonji, sauti ipunguzwe, taa zisizimwe zote, na anayetaka kusimama au kuzunguka asizomewe. Picha zenye mwanga unaomweka haraka zitangaziwe mapema, kwani kwa baadhi ya wenye kifafa mwanga huo huleta degedege.

Kwa wasioona tunayo hazina ambayo hatujaitumia vya kutosha: wale watafsiri wa vibanda umiza. Kwa miaka mingi wamesimulia filamu za Kihindi na Kichina juu kwa juu, wakieleza nani kaingia, kashika nini, uso umekunjwaje. Kinachobaki ni kuwaelekeza wasipige porojo wakati wahusika wanazungumza, na wasimwite mgonjwa "mwehu", jambo ambalo, niseme ukweli, huwa gumu kwao kuliko lile la kwanza.

Mwisho, pawepo muuguzi mwenye daftari la miadi ya kliniki ya karibu, akae pembeni, si meza kuu. Watu humfuata viti vikiwa vinapangwa, na wengi huanza na "kuna jamaa yangu mmoja". Asiwachunguze. Amwandikie huyo jamaa tarehe, saa na namba ya chumba, kisha amwambie aliyekuja kwamba anakaribishwa kumsindikiza.