Je wajua? Gavana wa kwanza mwanamke Marekani alimwahi mwenzake kwa siku 15 tu

Ukiuliza watu gavana wa kwanza mwanamke wa Marekani alitoka jimbo gani wengi watakwambia New York au California, yale majimbo yenye kelele. Kumbe ni Wyoming, jimbo la ng'ombe na milima na upepo, ambalo mpaka leo lina watu wachache kuliko majimbo yote. Mama mwenyewe anaitwa Nellie Tayloe Ross na aliapishwa tarehe 5 Januari 1925.

Sasa utamu wa stori uko hapa. Siku aliyochaguliwa yeye, 4 Novemba 1924, kule Texas naye akachaguliwa mama mwingine, Miriam Ferguson, wenyewe walizoea kumwita Ma Ferguson. Wameshinda siku moja, ila Texas walimwapisha wao 20 Januari, basi Nellie akawa wa kwanza kwa siku 15, kalenda tu hiyo.

Na wote wawili waliingilia mlango wa mume. Mume wa Ma Ferguson alikuwa gavana zamani, wakamng'oa 1917 na kumfungia asishike cheo tena, jamaa akaona isiwe tabu, akamsimamisha mke, tena wakawa wanatamba kabisa kwenye kampeni kwamba mkimchagua mama mnapata magavana wawili kwa bei ya mmoja. Ya Nellie ilikuwa tofauti, yake ilikuwa msiba.

Nellie alizaliwa 1876 Missouri, akasomea ualimu wa chekechea, akafundisha kidogo Omaha, halafu 1902 akaolewa na mwanasheria William Ross wakahamia Cheyenne, makao makuu ya Wyoming. Wakapata watoto wanne wa kiume, mmoja akafariki bado mchanga. Siasa ilikuwa ya baba, mama yuko nyumbani. William alishinda ugavana 1922 kwa tiketi ya Democrat, hata miaka miwili ofisini hajamaliza akashikwa na kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji, mambo yakaharibika, akafariki 2 Oktoba 1924.

Wyoming haina naibu gavana. Gavana akifa katibu wa jimbo anashikilia kiti kwa muda, halafu nafasi inajazwa kwenye uchaguzi mkuu unaofuata, na huo ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu! Wakubwa wa Democrat wakamwendea mjane na kaburi halijakauka, na katikati ya Oktoba wakampitisha kuwa mgombea. Kwa hesabu za kwetu pwani, miezi minne na siku kumi, mama huyu hata siku ya kuapishwa angekuwa bado yuko eda.

Akakataa kuzunguka kuomba kura. Aliandika barua mbili tatu kwa wananchi na basi, marafiki ndio wakampigia debe. Na akashinda kwa kura zaidi ya 8,000, mwaka ambao Coolidge wa Republican alilibeba jimbo hilohilo kwenye urais.

Wengi wanasema ni kura za rambirambi, na mimi sikatai, huruma ilikuwepo kubwa tu. Ila huruma peke yake haitoshi kueleza kwa nini Wyoming, maana wajane wa wanasiasa walikuwepo kila jimbo. Wyoming ilishawapa wanawake haki ya kupiga kura tangu Desemba 1869, hata jimbo haijawa, ilikuwa eneo tu la pembezoni ambako wanaume wamejaa na wanawake wa kuhesabu, na moja ya sababu zilizosemwa ni kuwavutia wanawake wahamie. Marekani nzima ilifika hapo 1920. Kwa hiyo 1924 kuna bibi pale Cheyenne kapiga kura miaka 50 na zaidi, mwanamke kwenye siasa si kioja kwake. Halafu kuna habari ya Texas, watu wa Wyoming walikuwa wanaambiwa sisi ndio tuliotangulia kwenye kura, iweje Texas watutangulie kwenye ugavana? Ongeza na mpinzani wake, Eugene Sullivan, mwanasheria mwenye ukaribu na watu wa mafuta, wakati kashfa ya Teapot Dome, ya waziri kula rushwa akakodisha visima vya mafuta vya serikali, imetokea humohumo Wyoming na bado inanuka.

Ofisini aliendeleza ya mume, kupunguza kodi na matumizi, kusaidia wakulima waliobanwa na madeni, kurekebisha mabenki, usalama wa wachimba madini, watoto wasifanyishwe kazi, na marufuku ya pombe aliisimamia kwelikweli kitu ambacho si wote walikipenda. Bunge lilikuwa la Republican kwa hiyo mengine yalipita mengine yakakwama. 1926 akagombea tena akapigwa chini kwa kura kama 1,300 hivi. Huruma ilishakwisha, na bado hakupenda kujinadi.

Wengi stori yake wanaikatia hapo, na mimi naona ndo kwanza inaanza. Alizunguka nchi akitoa hotuba kwa malipo, akapanda uongozi wa chama, 1932 akaongoza kampeni ya kuwatafutia Democrat kura za wanawake, na Roosevelt aliposhinda urais akamteua Mei 1933 kuwa mkurugenzi wa idara ya serikali inayotengeneza sarafu, mwanamke wa kwanza hapo pia. Safari hii hakuna kiti cha marehemu. Akakaa miaka 20 mpaka 1953! Ghala la dhahabu la Fort Knox lilijengwa wakati wake na jina lake limechongwa kwenye jiwe la msingi, wakati wa vita 1943 wakatengeneza senti za chuma ili shaba iende kwenye risasi, na Roosevelt alipofariki ni idara yake iliyotoa senti 10 yenye sura ya Roosevelt mwaka 1946. Mlioko Marekani angalieni mfukoni, sura hiyo bado ipo.

Wyoming yenyewe, mpaka miaka 100 inatimia 2025, ilikuwa haijachagua mwanamke mwingine. Na gavana wa kwanza mwanamke Marekani aliyechaguliwa bila kiti hicho kupitia kwa mume kwanza ni Ella Grasso wa Connecticut, Novemba 1974, yaani miaka 50 kamili baada ya Nellie na Ma Ferguson. Nellie alikuwepo hai, ana miaka 97, anaishi Washington. Alifariki Desemba 1977 akiwa na 101, wakamrudisha Cheyenne kuzikwa.