Mikrobiomu ya utumbo ni nini, na inahusianaje na pumu?

Utumbo wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake wote. Bakteria hao, pamoja na kuvu na virusi wanaoishi humo, ndio mikrobiomu ya utumbo.

Pumu hubana kifua, basi tumbo linaingiaje? Linaingia kupitia kinga ya mwili. Nyuzinyuzi za maharage, ulezi na viazi vitamu sisi hatuwezi kuzimeng'enya; bakteria huzichachusha wakatoa asidi kama asetati na butireti. Asidi hizo husaidia kukuza seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine. Seli hizo zikipungua, kinga huweza kulivamia vumbi la kawaida kama adui, njia za hewa zikavimba.

Miezi ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2015 ulikuta kwamba watoto waliokuwa katika hatari ya kupata pumu walipungukiwa na makundi manne ya bakteria katika siku 100 za kwanza za maisha.

Hapa Uganda, utafiti kwa wanafunzi wa wilaya ya Wakiso, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa waliozaliwa mjini walikuwa na hatari kubwa ya pumu kuliko waliozaliwa kijijini. Je, ni bakteria, ni moshi, au ni chakula? Hilo ndilo swali la kumpa mwanafunzi wa uzamili. Atapokea kinyesi cha mtoto katika kikopo chenye kijiko kwenye kifuniko, akigandishe, atoe DNA, kisha asome jeni iitwayo 16S inayotambulisha bakteria waliomo.

Kwangu mimi, kazi nzito zaidi ni kumhoji mama. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji? Alinyonya hadi lini? Alipewa antibayotiki mara ngapi? Hili la mwisho linaumiza kichwa, maana dawa nyingi hununuliwa duka la mtaani bila karatasi yoyote, na mama anachokumbuka ni chupa ya unga uliochanganywa na maji. Mara nyingi mtoto alikuwa na mafua tu, ugonjwa wa virusi ambao antibayotiki haiugusi, huku bakteria wa tumboni wakifa.

Hakuna maziwa mgando wala vidonge vya bakteria vilivyothibitishwa kuponya pumu. Mtoto aliyeandikiwa inhela (dawa ya kuvuta kwa mdomo) ya kuzuia shambulio la pumu aendelee nayo kila siku, hata asipokohoa.