Vizibo vya soda mkekani

Neno "usimamizi" limetuharibia kazi. Mnasihi akiambiwa anakuja kusimamiwa, yaani kuleta kazi yake na wateja kwa mnasihi mwenzake waitazame pamoja, hujiandaa kama anayesubiri mkaguzi: faili limepangwa, maelezo yamenyooka, na pale alipokosea, funika kombe mwanaharamu apite.

Mwaka 1957 Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuwa mteja hubadilika akikutana na mtu anayemwelewa kwa undani, anayempokea bila masharti, na asiyejifanya. Sioni kwa nini mnasihi anyimwe hayohayo. Natalie, bintiye Rogers, naye alitia sanaa humo: rangi, udongo, mwendo wa mwili. Mimi hapa Kinondoni nina mkeka, vizibo vya soda kama vile vya drafti pale kijiweni, na opena moja.

Mnasihi mmoja (nimebadilisha ya kumtambulisha, naye ameridhia) alinijia amechoka. "Dada, huyu binti haongei. Wiki ya nne sasa." Nikamwambia asinieleze, anipangie. Akaweka mama, akaweka baba wa kambo, binti akamfudikiza katikati yao.

"Na wewe uko wapi?"

Alikuwa ameishika opena. Akaitazama, akacheka, kisha ikabaki kelele ya feni tu.

"Kumbe kila Jumatano huwa naenda kumfungua."

Sikuongeza neno. Mimi si mpiga ramli. Maana anayo aliyepanga. Nasema hivyo kwa kuwa nimeshateleza. Kuna mwingine nilimwambia kizibo chake chekundu ni hasira. Akajibu "sawa dada," na miezi miwili akawa ananiletea habari njema tupu. Baadaye sana ndipo nikajua alichukua chekundu kwa sababu ni Simba damu. Kilichoniuma si kukosea rangi. Ni kwamba tangu siku ile alikuwa ananilinda mimi badala ya kunionyesha kazi yake.

Likitajwa neno la kujiua, au mtoto anayeumizwa, vizibo navisogeza kando na tunaongea kavukavu: nani anajua, kimefanyika nini, mteja analala wapi leo. Na majonzi ya mnasihi mwenyewe yakifumuka tunayapokea, ila matibabu yake ayatafute kwa mtu mwingine; kikao hiki ni cha mteja wake pia, ingawa hayupo.

Yule wa opena aliomba aondoke nayo. Jumatano iliyofuata, aliniambia, alikaa na binti kimya karibu nusu saa, mkono mkobani, ameishikilia isitoke. Binti ndiye aliyeanza kuongea: aliuliza kama maji ya kunywa yapo. Opena hajanirudishia.